Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali: siku 90 ni nyingi kwa mgonjwa aliye gerezani

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Pokea salamu kutoka Moshi. Nakuandikia wewe na si Kamishna Jenerali wa Magereza, kwa sababu mfungwa au mahabusu akiamua kudai matibabu yake mahakamani, jina la ofisi yako halikosi kwenye hati ya madai. Funguo wanazo wao, lakini majibu yanatoka kwako.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Malalamiko ya msongamano nimeyasikia mpaka nimeyazoea, na hilo si jambo la kujivunia: watu wanalala mchongoma, ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wanageuka wote. Kilichonifanya nishike kalamu ni insulini.

Mama mmoja wa Rombo ana kijana wake mahabusu, kesi haina dhamana, upelelezi kila siku "haujakamilika". Kijana ana kisukari cha kujichoma sindano. Dawa analeta mama mwenyewe kwenye chupa ya chai aliyoitia maji ya baridi, na pale getini askari wanaipokea vizuri tu. Sina ugomvi nao. Shida inaanza milango ikishafungwa, na inafungwa jua bado lipo. Kuanzia hapo mpaka asubuhi, sukari ikimshuka, wenzake wagonge mlango hadi askari wa zamu asikie. Askari hafungui peke yake, amtafute mkubwa wake. Mkubwa amtafute mganga. Mganga akisema huyu wa hospitali, litafutwe gari, litafutwe mafuta, watafutwe askari wa kumsindikiza. Usiku mmoja kijana alipona kwa sababu mwenzake alikuwa amekunja sukari kidogo kwenye karatasi na kuificha, sukari ambayo ingekutwa kwenye upekuzi ingechukuliwa.

Mama akaniuliza kama anaweza kushtaki. Nikamwambia anaweza. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa, na inasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kisha ikabidi nimweleze yale mengine. Ukitaka fidia kutoka kwa Serikali, sheria inakutaka kwanza utoe taarifa ya siku 90, nakala ije kwako. Siku hizo zikiisha unafungua shauri, na hapo mawakili wa Serikali wanasimama na pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa: hati imekosewa, kiapo kina kasoro, njia nyingine hazijatumika. Sisemi pingamizi ni haramu, ni haki yenu. Lakini linapopangiwa tarehe yake ya kusikilizwa, na tarehe ikaahirishwa, mgonjwa bado yuko ndani na mlango bado unafungwa jua likiwa juu.

Afrika Kusini walishapita njia hii. Dudley Lee aliishi mahabusu katika gereza la Pollsmoor, Cape Town, kuanzia 1999 hadi alipoachiwa huru 2004, akapata kifua kikuu humo humo. Serikali ilimbana kwa hoja kwamba hawezi kuonyesha hasa aliambukizwa na nani. Hoja hiyo iliwabeba kwenye Mahakama ya Rufani. Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ikaikataa na kusema Serikali inawajibika. Hebu fikiria, umejaziwa watu chumbani usiku kucha, halafu unaulizwa ni kikohozi cha nani! Malawi nako, mwaka 2009, Mahakama Kuu iliamuru Serikali ipunguze msongamano magerezani.

Wala tusiambiane kwamba huku kwetu haiwezekani. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilipokuwa Arusha, Umoja wa Mataifa uliwaweka washtakiwa wake katika mahabusu iliyojengwa ndani ya eneo la gereza letu, nje kidogo ya mji. Watu walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari walikuwa na selo ya mtu mmoja mmoja na daktari wa kuwahudumia. Sikuwaonea wivu, walistahili kama anavyostahili kila mtu. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa 2015, zinasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile kinachopatikana uraiani, na wa dharura ahudumiwe mara moja.

Ombi langu ni moja, na halihitaji Bunge. Taarifa ya siku 90 inayohusu ugonjwa ikifika mezani kwako, isikae kwenye faili ikisubiri kuiva. Ndani ya wiki ya kwanza mwandikie Mkuu wa Gereza: mgonjwa aonwe na daktari wa hospitali ya mkoa, na taarifa ya daktari irudi kwako. Baada ya hapo, kama kuna kesi ya kubishania, tubishane. Mawakili wako wataleta mapingamizi yao na sisi tutayajibu, mgonjwa akiwa ametibiwa.

Taarifa ya mama wa Rombo tumeituma Dodoma wiki hii kwa rejista. Nakala ya kadi ya kliniki ya kijana imeambatishwa, na dozi zake zimeandikwa humo.

Wako katika kazi,
Msaidizi wa kisheria, Moshi