Si kila damu chooni ni bawasiri

Mhariri,

Nina miaka 47, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kwa miezi minne, kila nikienda haja kubwa nilihisi kama napitishwa wembe, kisha moto ule ukakaa saa mbili nzima. Nilikuwa nashona pindo nimekalia tako moja. Kwenye karatasi, damu nyekundu kidogo. Muuza dawa mnadani akasema bawasiri. Nikanunua chupa tatu za mizizi. Hata mume wangu sikumwambia.

Daktari aliponitazama (dakika mbili tu, na aibu yote ile!) akasema ni mpasuko, yaani ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika, umeletwa na choo kigumu. Bawasiri ya ndani, alinieleza, mara nyingi hutoa damu bila maumivu. Alinipa dawa ya kupaka, akataka nikalie beseni la maji ya uvuguvugu, nile mboga na matunda, nisijikamue. Kwa umri wangu akaagiza pia nipimwe utumbo mpana, maana saratani nayo hutoa damu.

Naomba muwahoji madaktari kuhusu haya, na kuhusu wanaovuja mkojo wakikohoa baada ya kuzaa. Wiki hii wateja wawili wameninong'oneza hilo, nikiwapima viuno.

Fundi cherehani,
Morogoro