Ladha haijarudi tangu korona, na mgonjwa anaambiwa anadeka

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi niwasemee watu walioumwa korona, homa ikaisha, kikohozi kikaisha lakini ladha haikurudi, au imerudi nusunusu. Mitaani wapo ila wamenyamaza maana wakisema wanajibiwa "si umepona, kula basi". Wifi yangu ni mama ntilie, mpaka leo chumvi anaonjewa na binti yake, kahawa anasema inanuka kama kitu kilichoungua, na alipokwenda zahanati wakampa dawa ya mafua wakati mafua hana kabisa!

Hapo ndo panaponiuma, kwa sababu hili linajulikana tangu Machi 2020, madaktari wa pua na koo wa Uingereza walipotahadharisha kwamba watu wanaacha kusikia harufu bila hata pua kuziba, ingawa serikali yao nayo ilikaa hadi tarehe 18 Mei ndo ikaiingiza kwenye dalili rasmi. Mara nyingi tatizo kubwa liko puani kuliko kwenye ulimi, kirusi kinashambulia seli zinazotunza neva za kunusia huko juu ndani ya pua, na bila harufu chakula kinabaki chumvi, sukari, uchungu na ukali wa ndimu basi. Wengi hurudi sawa ndani ya wiki chache, wengine miezi, wengine ndo kama huyu wifi yangu.

Na lipo zoezi la kunusa, Profesa Thomas Hummel wa Dresden kule Ujerumani alilifanyia utafiti miaka mingi kabla ya korona, mtu ananusa waridi, limao, mkaratusi na karafuu, kila kimoja kama sekunde 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Halimsaidii kila mtu, ila jamani karafuu si ya Pemba hapo, limao liko gengeni, kwa nini mgonjwa haambiwi? Anaambiwa nyungu, na mvuke ule ukikosea unaunguza uso.

Kingine ni gesi. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia imewekwa makusudi ili ikivuja tushtuke, sasa asiyenusa atashtuka na nini? Wenye ndugu wa hivi wawakagulie mpira na valvu kwa povu la sabuni, wawanusie na maziwa kabla hawajanywa. Na Wizara ya Afya ibandike hilo zoezi kwenye kuta za zahanati, karatasi moja tu inatosha.

Msomaji wenu,
Tanga