Malalamiko: hati za kondominiamu mlizosema ziko mahakamani, na aibu mliyomfanyia mama mkwe wangu

Kwa Wakili Msimamizi na Meneja wa Ofisi,

Kuhusu: nyumba yetu ya familia tatu, Lowell, Massachusetts. Namba ya faili mnayo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa sababu nilifunzwa kusalimu kabla ya kusema. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu, lile mlilobandika kwenye maduka ya vyakula vya kwetu, linasema kila huduma ya ofisi hii inapatikana kwa Kiswahili. Basi malalamiko nayo yapokeeni kwa Kiswahili, na jibu lije kwa Kiswahili.

Mkataba mnao, na masharti ya huduma mliyatunga wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Naanza na siku ya kaunta.

Nilikuja ofisini kwenu nikiwa na mama mkwe wangu kuuliza jambo moja tu: kwa nini masjala ya hati imekataa kupokea hati kuu ya kondominiamu yetu, yaani hati ya kuigawa nyumba iwe uniti tatu, kila moja na mwenyewe. Mfanyakazi wenu, Mswahili mwenzetu, hakuinua hata macho. Alisema, "Hapa ni Marekani, si Kisauni. Mambo ya ardhi hayaendi kwa pupa zenu." Kisauni ni kwetu, Mombasa. Kisha akaisukuma faili kutuelekea. Ikapita ukingo wa kaunta, karatasi zikamwagika sakafuni. Aliyeinama kuziokota ni mama mkwe wangu.

Swali langu lilikuwa na jibu fupi, na nililipata masjala, kwa karani ambaye hatumlipi hata senti. Alizitazama karatasi zenu, akaniambia kwa upole kwamba kiwanja hiki ni ardhi iliyosajiliwa, na hati za kondominiamu juu ya ardhi iliyosajiliwa haziingii masjala kabla hazijaidhinishwa na Mahakama ya Ardhi kule Boston. Basi. Hakuongeza la ziada wala hakunidharau.

Nyinyi hamkulijua hilo? Hati tuliyonunulia nyumba mlikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Ardhi ya kawaida ya Massachusetts hutajwa kwa kitabu na ukurasa. Yetu imeandikwa namba ya waraka na namba ya cheti cha hatimiliki. Mwanafunzi wa sheria akiiona namba ya cheti anajua amefika upande wa pili wa masjala, upande unaotawaliwa na Sura ya 185 ya sheria za jimbo, na kwamba kila neno atakaloandika litasomwa na wakaguzi wa hati wa mahakama. Nyinyi mmeandika mlangoni kwenu kwamba ardhi ndiyo kazi yenu.

Nimelazimika kuisoma kazi hiyo mwenyewe, usiku, baada ya zamu. Ukurasa wa nne wa hati kuu unasema nyumba yetu iko Dracut. Sisi tuko Lowell. Dracut iko ng'ambo ya mto, na ni wazi mlichukua hati ya mteja mwingine mkabadilisha majina, ukurasa wa nne ukawaponyoka. Maelezo ya kiwanja mmeyaandika kwa futi na pembe za mipaka, wakati ardhi iliyosajiliwa hutajwa kwa namba ya loti kwenye ramani ya Mahakama ya Ardhi. Shemeji yangu mmemwandika kwa jina la ndoa, ilhali cheti kina jina lake la kabla ya kuolewa, na cheti cha ndoa alichowaletea hamkukiambatisha. Katika mfumo huu cheti ndicho kinachosema nani mwenye mali. Ndiyo maana hata mtu akikalia ardhi iliyosajiliwa miaka 20 na zaidi hawezi kuidai kwa kuikalia tu, kama angeweza kwenye ardhi ya kawaida ya jimbo hili. Mahakama inayolinda cheti kiasi hicho itapitishaje jina lisilolingana?

Na hesabu, wenzangu. Sehemu ya kila uniti katika mali ya pamoja mmeigawa hivi: 34, 33, 32. Jumlisheni. Asilimia moja ya nyumba tuliyoinunua kwa jasho ni ya nani?

Michoro ya sakafu ndiyo sitaki hata kuitaja, lakini nitaitaja. Sura ya 183A, sheria ya kondominiamu ya jimbo hili tangu 1963, inataka michoro iwe na tamko la msanifu majengo, mhandisi au mpima ardhi aliyesajiliwa, kwamba inaonyesha kikamilifu na kwa usahihi mpangilio, mahali, namba na vipimo vya kila uniti kama ilivyojengwa. Yenu haina tamko. Haina saini. Roshani ya nyuma ya ghorofa ya juu, ambayo shemeji huanika nguo zake kila kiangazi, haimo.

Haya yote yangerekebishika. Wakili anayetushughulikia sasa amenieleza kwamba rasimu hupelekwa mahakamani zikaguliwe, kasoro hutajwa, hurekebishwa, zikishaidhinishwa ndipo hupelekwa masjala kusajiliwa, na hatimaye kila mwenye uniti hupata cheti chake. Ni kazi ya subira, si kazi ya siri. Mahakama haikutukosea kwa lolote. Isingeweza kutukosea, kwa sababu haikuwahi kuziona karatasi zetu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, nanyi mnajua. Kabla ya siku ya kaunta, kila nilipopiga simu niliambiwa, "Hati ziko Boston, ziko kwa mahakama, subirini." Mke wangu aliambiwa hivyo. Shemeji aliambiwa hivyo, naye akamwambia mnunuzi wa uniti yake hivyo, kwa kuwaamini. Mnunuzi akasubiri mpaka muda wa riba aliyofungiwa na benki ukaisha, riba mpya ikawa kubwa kuliko uwezo wake, akajitoa. Alikuwa kijana mstaarabu, alituomba radhi yeye, wakati wa kuomba radhi ni nyinyi. Na kwenye ankara yenu, ambayo tumeilipa yote na risiti ninazo, mstari wa tatu unasomeka "ada ya kuwasilisha hati mahakamani". Mlitutoza kwa kuwasilisha. Hamkuwasilisha. Nimeuliza Boston, na jibu lao ni kwamba hakuna kilichopokelewa kuhusu kiwanja hicho.

Sasa narudi kwenye kaunta, kwa sababu pale juu nimeieleza kwa adabu, nami nikaona nimewapunguzia.

Ofisi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na watu tunaosali nao, na mama mmoja Mkongomani na watoto wake. Mama mkwe alikuwa amevaa leso yake nzuri, maana alidhani tunakwenda kwa watu wa sheria, na kwa watu wa sheria huendi ovyo. Ni mmoja wa wamiliki watatu kwenye cheti, jina lake ndilo la kwanza. Alitangulia kuuliza yeye, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hati zetu zimefika wapi?" Mfanyakazi wenu hakumjibu mama mtu mzima. Alinijibu mimi, kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi mzima, kwamba hapa si Kisauni na pupa zetu tuziache huko. Kuna walioangua kicheko. Kisha akaisukuma faili kama mtu anayesogeza sahani iliyobaki mifupa. Haikuteleza kwa bahati mbaya, niliuona mkono wake. Karatasi zikatawanyika hadi chini ya viti. Mama mkwe ana maumivu ya magoti, huswali akiwa amekaa kitini. Alipiga magoti. Leso ikamteleza kichwani mbele ya mkwewe na mbele ya wageni, akawa hajui aishike leso au azishike karatasi. Nilipoinama kumsaidia aliniambia, "Acha, mwanangu, acha." Mfanyakazi wenu akaita, "Anayefuata!"

Mimi kwa mama huyu hata mlangoni hupisha nikiwa nimeinamisha macho. Na nyinyi mlitaka nimtazame akitambaa ofisini kwenu.

Na hiyo Kisauni aliyoitaja, nimezaliwa huko. Migogoro yake ya ardhi naijua pengine kuliko yeye. Lakini kama ni elimu ya usajili wa ardhi, mwambieni kwamba Pwani ya Kenya iliwekewa sheria ya hatimiliki na ofisa wake wa kuzisajili mwaka 1908. Mahakama ya hapa ilianza 1898. Hapa kimeigwa kitu kilichoanzishwa Australia Kusini mwaka 1858, mfumo wa Torrens, ambamo cheti ndicho kinachosema nani mwenye mali. Mtu wa Kisauni si mgeni wa ardhi iliyosajiliwa. Mgeni wake ni yule aliyeandika futi na pembe mahali pa namba ya loti.

Meneja wenu wa zamu alinipigia jioni ile. Nilitarajia samahani. Alisema kijana "ana msongo wa kazi" na kwamba kama sina raha nitafute ofisi nyingine, lakini faili halitatoka mpaka tulipe "ada ya kufunga". Faili ni la mteja, waheshimiwa. Halishikwi rehani. Hilo nalo mnataka nifundishwe na karani wa masjala?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, rudisheni ada ya kuwasilisha mahakamani, kwa kuwa ni fedha mliyochukua kwa kazi isiyofanyika. Nilipoanza barua hii nilikuwa nataka hiyo tu pamoja na samahani, na mke wangu ni shahidi. Lakini nikiziangalia tena karatasi hizi mezani, sioni ukurasa hata mmoja ambao wakili mpya ameweza kuutumia. Basi rudisheni ada yote, ya hati kuu, ya kanuni za wamiliki na ya michoro. Lipeni pia gharama za mhandisi anayepima upya. Faili letu lote litoke, asili na nakala, bila ada ya kufunga wala ya kufungua.

Shemeji naye amepoteza mnunuzi. Hasara yake ataiandika mwenyewe na kuiambatisha.

Mama mkwe wangu aombwe radhi kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa saini ya Wakili Msimamizi. Sitapokea saini ya kijana wa kaunta, wala barua iliyotungwa kwa "ikiwa kuna yeyote aliyekwazika". Aliyekwazika ana jina, nanyi mnalo kwenye faili. Na samahani hiyo isomwe palepale kaunta, ofisi ikiwa imejaa, kwa sababu dharau haikufanyika faraghani.

Kwa heshima iliyobaki nawaarifu kwamba barua hii ni dai rasmi chini ya Sura ya 93A ya sheria za Massachusetts, inayomlinda mteja dhidi ya vitendo vya udanganyifu katika biashara. Kitendo ni kututoza ada ya kuwasilisha mahakamani hati ambazo hazikuwasilishwa, na kutuambia ziko Boston huku mkijua haziko. Hasara nimeitaja. Mna siku 30 za kutoa fidia inayofaa. Zikipita, tutaiomba mahakama fidia hadi mara tatu, ambayo sheria inairuhusu pale udanganyifu unapokuwa wa makusudi, pamoja na gharama za wakili wetu. Kuhusu mwenendo wa mawakili waliosaini ankara ile, lalamiko linaandaliwa kwa Bodi ya Usimamizi wa Mawakili ya jimbo, na hilo halisubiri siku 30. Lilikuwa lisubiri. Simu ya "ada ya kufunga" ndiyo iliyolitangulizia.

Tangazo lenu la Kiswahili pia liondoeni madukani mpaka mtakapojifunza kumwitikia mtu mzima salamu. Msipoliondoa, nitawaeleza wenye maduka kwa nini, mmoja mmoja, nami ni mteja wao wa siku nyingi.

Barua imetumwa kwa posta ya kusainiwa. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia siku mtakayoitilia saini. Nimeambatisha nakala ya ankara, risiti, ukurasa wa nne wa hati kuu, na ukurasa wenye ule mgawanyo wa 34, 33 na 32.

Mteja wenu wa zamani,
kwa niaba ya wamiliki watatu,
Lowell, Massachusetts