Tumwite mpita kamba

Ndugu Mhariri,

Katika habari moja ya toleo lenu la Jumapili iliyopita, mtu anayetembea juu ya kamba iliyokazwa aliitwa "mwanasarakasi" mara nne. Siliiti kosa, lakini neno hilo ni pana mno, kwa kuwa humhusu pia anayepinduka hewani, anayerusha mipira na hata anayeendesha baiskeli ya gurudumu moja; tena asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya duara, ambamo hamna kamba wala mwendo.

Warumi walikuwa na jina lake mahususi, funambulus, lililoundwa kwa funis, yaani kamba, na ambulare, yaani kutembea, na Wafaransa hadi leo humwita funambule. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotuletea ambulensi, maana Wafaransa waliiita hospitali iliyoandamana na majeshi "hospitali itembeayo", kisha jina likahamia kwenye gari la wagonjwa. Nalo funambulus ni neno la zamani sana: tamthilia ya Terentius, mtunzi wa Kirumi, iitwayo Hecyra, yaani Mama Mkwe, ilipooneshwa Roma mwaka 165 KK, onyesho lilivunjika kwa sababu watazamaji walikuwa wakingojea mabondia na mtembea kambani, na malalamiko hayo yamo katika dibaji ya tamthilia yenyewe.

Wapo wanaopendekeza "akrobati". Hilo ni la Kigiriki, kutokana na akros, ncha, na bainein, kwenda, hivyo kwa asili ni mtu aendaye kwa ncha za vidole vya miguu. Wagiriki wenyewe, walipomkusudia wa kambani, walitumia neno jingine, skhoinobates, ambalo ndani yake kamba imetajwa waziwazi.

Kiswahili hakihitaji kuazima hata kimojawapo. Tunaye mpita njia tangu zamani, na kwa muundo huo huo tunaweza kumpata mpita kamba. Nilifikiria pia "mtembea kambani", ambalo ni sahihi na linaeleweka mara moja, ila naona ni refu kwa kichwa cha habari. Naomba waandishi wenu walijaribu "mpita kamba" katika habari ijayo ya namna hii, wakiliweka bila alama za kunukuu na bila maelezo pembeni, ili tuone kama wasomaji watalipokea.

Msomaji wenu,
Tanga