Halmashauri zipewe hela ya usafiri wa wanafunzi, zipange zenyewe

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la usafiri wa wanafunzi wa shule za serikali, maana kila likiguswa tunaishia kwa konda anayewakataa wanafunzi, konda mbaya, konda hana utu, halafu tunalala. Konda anakosea, simtetei. Ila tupige hesabu yake kwanza. Desemba 2023 nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilianza kutumika, daladala za njia fupi zisizozidi kilomita 10 mtu mzima akatoka 500 akaenda 600, mwanafunzi akabaki palepale 200. Kwa hiyo kila denti anayeingia kwenye nafasi ya mtu mzima, 400 imeondoka, wakiwa watano ni 2,000, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ileile, hamuulizi konda leo umebeba wanafunzi wangapi. Punguzo kapanga serikali, anayelilipa ni konda na dereva, hakuna mtu anayewarudishia ile 400.

Njooni huku kwetu Chanika saa kumi na mbili asubuhi mjionee. Gari linasimama, mlango unafunguliwa nusu, konda ananyoosha vidole viwili, denti wawili tu, na pale kituoni wamejaa na mabegi yao, kile kitoto cha fomu wani kimeshikilia sarafu yake ya mia mbili kinasukumwa na wakubwa mpaka gari linaondoka. La pili hivyohivyo. Akifika shule saa mbili na nusu mwalimu wa zamu hataki stori za konda, ni adhabu. Na kwa watoto wa kike ndo inatisha kabisa, anatokea mtu na bodaboda anamwambia panda mdogo wangu nakupeleka bure, na sisi wazazi wote tunajua hiyo bure inakuja kudaiwa vipi.

Sasa ukiuliza shule kwa nini isisaidie, haina pa kutoa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 ruzuku ni 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na hapo sehemu ya hela inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shule kinafika na mafungu yake tayari, mitihani, ukarabati, utawala, michezo, chaki na karatasi, mkuu wa shule hawezi kuchomoa hata mia akamlipia mtoto nauli, itakuwa hoja ya ukaguzi. Usafiri wa mtoto kutoka nyumbani haumo kabisa. Tunajenga madarasa, sawa, mimi nashukuru, hata ule mradi wa kuboresha sekondari, SEQUIP, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 umesogeza sekondari karibu na watu vijijini. Lakini darasa halimfuati mtoto kitandani.

Ninachoomba sio mabasi. Naogopa sana siku atakayetokea kiongozi akasema kila halmashauri inunuliwe basi la wanafunzi, maana tunajua mwisho wake, miezi sita ya kwanza picha na kukata utepe, halafu tairi hakuna, dizeli hakuna, gari limewekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi ya mkurugenzi. Ninachoomba ni fungu la usafiri kwa kila halmashauri lisilofungwa kwenye kitu kimoja, yani mnaambiwa hii hela ni ya kumfikisha mtoto shuleni, njia amueni nyie na bodi za shule na wazazi. Huku Dar ikatumika kukodi Costa kwa mkataba, zibebe wanafunzi tu alfajiri na jioni, au kumfidia mwenye daladala ile tofauti ya nauli. Ukerewe visiwani ikalipia boti na maboya ya kuvaa. Kule Simanjiro na Longido ambako boma za wafugaji na shule viko mbali hasa, pengine usafiri wa kila siku hauna maana, bora hela iende kwenye chakula cha hosteli, kwa sababu mtoto asipolala hosteli analala geto, kapanga chumba peke yake ana miaka kumi na nne. Kwingine baiskeli zinatosha. Mtu wa Dodoma hawezi kuyajua yote hayo akiwa mezani na wala hapaswi kuyaamua.

Na kuna hela tayari inazunguka hapohapo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwa nini kikundi cha vijana kisikopeshwe gari na kupewa mkataba wa kubeba wanafunzi, wanakuwa na kazi ya uhakika na mkopo unarudi?

Najua jibu litakuwa hela isiyofungwa italiwa. Hata iliyofungwa inaliwa, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tunasoma kila mwaka. Kinachosaidia ni kubandika kwenye ubao wa shule kiasi kilichoingia, gari gani limelipwa na watoto wangapi walibebwa, mzazi atahesabu mwenyewe kituoni.

Tusichelewe kwenye hili. Kwa mtaala mpya msingi inaishia darasa la sita, kwa hiyo 2027 watamaliza la sita na la saba kwa pamoja, Januari 2028 fomu wani itapokea makundi mawili kwa mkupuo. Nasikia mipango ya madarasa na madawati kila siku, ya namna watakavyofika bado sijaisikia. TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri, waweke fungu hili kwenye mwongozo wa bajeti ijayo, hata kwa majaribio, halmashauri moja ya mjini, moja ya visiwani, moja ya wafugaji, na diwani wetu aulizwe kwenye mkutano wa kata ameliombea shilingi ngapi.

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Chanika, Dar es Salaam