Asante dada wa benchi la kliniki

Dada yangu, jina lako sikuuliza na wewe hukuniuliza langu, ila kama unasoma hapa ujue nakushukuru sana tena sana. Mimi ni yule mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu mwenye aleji ya mayai, nilikuwa nalalamika kwamba deikea nimeshawaambia mara tatu na bado siku za bethidei wanampa keki. Ukaniuliza, umewaambia kwa mdomo au umeandika? Nikabaki kimya, maana kweli namwambia tu anayempokea asubuhi, tena mbiombio nawahi kazini, na mchana zamu ni ya mwingine kabisa.

Ukachukua peni ukanichorea palepale: picha ya mtoto juu, chini asivyoruhusiwa, ukataja mpaka keki, biskuti na mayonizi, maana mtu akisikia mayai anawaza yai la kuchemsha tu. Halafu dalili, vipele, midomo kuvimba, kutapika, kuhema kwa shida, dawa gani, kipimo gani, apigiwe nani. Ya "hapendi karoti" ukasema niyaweke karatasi nyingine, nikichanganya wataona yote ni kudeka. Nilicheka, lakini ndo lilikuwa tatizo lenyewe!

Sasa karatasi iko ukutani jikoni kwao, nakala nyingine iko na dawa kwenye boksi lake. Juzi kulikuwa na bethidei, wangu akapewa ndizi. Kalilia keki kidogo, basi.