Usiteremke Kitonga na nyutro

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeupata. Kwamba umekabidhiwa gari, si utingo tena, tumefurahi sana, na baba yako ameshatangaza mtaa mzima. Ila mzigo wa kurudi nao kutoka Tunduma nimeusikia kwa dada yako. Shaba! Ulidhani nisingejua?

Basi nisikilize: usiteremke mlima wa Kitonga na nyutro, yaani gari likiwa halimo kwenye gia yoyote. Najua wenzako wanasema inaokoa dizeli. Dizeli ni ya tajiri, mwili ni wako.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, udereva siujui, lakini hesabu hii haichagui mtu. Mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua kwa haraka, ni kani ukigawanya kwa tungamo, kama Newton alivyochapisha mwaka 1687. Kwenye mtihani uliiandika vizuri, ukaja kuikosea kwenye swali la trela. Mpaka leo linaniuma. Sasa lifanye tena. Tuseme breki zako zinatoa nyutoni 90,000. Gari tupu la tani 18, tambarare, spidi 60, litasimama ndani ya mita 28 hivi. Lijaze lifike tani 54. Kwa ekseli saba mizani watakupitisha, maana mwisho wao ni 56. Kani ni ileile, tungamo limekuwa mara tatu, kwa hiyo utahitaji mita 83. Hapo sijahesabu muda wa mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Likiwa kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, zaidi ya nusu ya kani ya breki inaishia kushindana na mvutano wa dunia. Utasimama baada ya mita 200 na ushee, na hizo ni breki baridi. Zikishachemka, ile 90,000 huna.

Utanijibu, nakujua, kwamba darasani nilisema kizito na chepesi vinaanguka sawa. Ndiyo, mlima unaliongezea mwendo gari tupu na gari lililojaa karibu sawasawa. Kuzuia ndiko kusiko sawa. Ukiwa ndani ya gia, injini inakusaidia kulishika gari. Ukiweka nyutro umebaki na breki peke yake. Gia unayopandia ndiyo unayoteremkia, hilo hata baba yako ambaye hajawahi kushika usukani analijua.

Na shaba itakudanganya macho. Imelala chini juu ya trela, mabunda mafupi yamefungwa mikanda ya chuma, nafasi tupu kila upande, unaona kama hujabeba kitu. Gari la magodoro linatisha kwa urefu na uzito halina. Soma karatasi ya mizani, usisome kimo cha mzigo.

Baba yako anasema nakutisha bure, kijana ana akili. Akili unayo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza kwa nini toroli la mawe ni gumu kuanza na gumu kusimama, wenzako wakinakili tu. Lakini una haraka, na haraka hiyo sijui umeirithi wapi, baba yako anasema ananitazama mimi.

Ukifika Ilula simama, pumzika, kagua upepo wa breki na matairi kabla ya kushuka. Ukiwa na spidi mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne, kwa hiyo punguza mwendo ukiwa bado juu, usingoje kona. Na nyutro, nimeshasema.

Hapa Morogoro mvua imeng'oa bati moja la jikoni, fundi anataka hela kabla hajapanda. Ada ya Neema nimelipa nusu. Hiyo nyingine tuma ukilipwa, na usimpe mkononi, atanunua simu. Ukipita Ruaha Mbuyuni chukua vitunguu, debe moja linatosha. Vile ulivyoleta mara ya mwisho vimeota, nimevigawa kwa majirani.

Mama yako.